Uani ananisikia, nje ya geti hanijui

Barua za toleo hili karibu zote zinalia kilio kimoja: mbwa anatii vizuri pakiwa kimya, kisha akitokea paka, mpira au mbwa mwenzake, masikio yanaziba. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zimo ndani yake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina mbwa dume anaitwa Simba, ana miezi tisa. Tukiwa uani nikisema "kaa" anakaa, nikisema "njoo" anakuja mbio. Tukitoka nje ya geti tu, ni kama hajawahi kuniona. Anavuta kamba, kichwa huku na huku, namwita mara kumi hageuki. Juzi niliivuta kamba kwa nguvu mpaka akalia, na bado hakunitazama. Jirani ananiambia mbwa huyu ni jeuri, nimwonyeshe nani mkubwa. Nimechoka, na naona aibu mbele za watu. Nifanyeje?
*Mwenye Simba*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo neno la ujeuri liweke kando kwanza, maana ukiendelea kulishikilia hakuna nitakachokuambia kikakufaa.

Simba analijua "kaa" la uani. La barabarani hajafundishwa bado. Mtoto akijifunza kujumlisha darasani, atajumlisha hata akiwa njiani. Mbwa neno analojifunza hulifunga pamoja na kila kilichokuwapo siku ile: sakafu ile, ukuta ule, wewe umesimama wima mbele yake, mkono karibu na mfuko wenye nyama. Ukitaka kuhakikisha, leo jioni mpe Simba mgongo palepale uani, useme "kaa" kwa sauti ileile. Au lala chali chini, useme "kaa". Jaribio hili nimelifanya na wafugaji wengi, na mbwa wengi ambao wafugaji wao walikuwa tayari kuapa kwamba wanajua, hubaki wamesimama wakishangaa. Sasa kama mgongo wako peke yake unatosha kulifuta neno, pikipiki inayopita itafanya nini?

Kuna pua pia. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu vinavyoweza kufika milioni 300; ya binadamu ina kama milioni 6. Pale wewe unapoona ukuta mkavu, Simba anapata habari za nani kapita, kapita lini, na alikuwa jike au dume. Umemtoa mahali ambapo harufu zote alishazizoea, ukamwingiza katikati ya habari mpya mia kwa mpigo, kisha ukataka akutazame wewe, ambaye harufu yako anaijua tangu alfajiri. Ni kazi kubwa. Anaiweza, ila afikishwe taratibu.

Na kuna umri. Miezi tisa ni ujana wa mbwa. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwachunguza mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza vipofu. Waliona kwamba mbwa wa miezi minane alimtii mlezi wake kidogo kuliko alivyomtii akiwa na miezi mitano, ilhali mtu mgeni alipotoa amri ileile, mbwa yuleyule alikaa. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka wafugaji wote waliowahi kunililia kwamba mbwa kabadilika ghafla. Hujakosea malezi. Ni kipindi, na hupita ikiwa hukukigeuza kuwa vita.

Aibu nayo iache. Ivan Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliwafundisha mbwa kutokwa na mate waliposikia mlio fulani. Watu wengi wanajua hapo tu. Lakini wasaidizi wake walikuwa wakimwita aje ajionee mbwa aliyekwisha kujifunza, na Pavlov akiingia tu chumbani, mate yanakauka. Mbwa alikuwa anamtazama mgeni. Hali hiyo ya mbwa kuacha kila kitu na kukigeukia kitu kipya aliipa jina la swali: "Hiki ni nini?" Ikamsumbua hadi likajengwa, mjini St. Petersburg, jengo maalumu lenye kuta nene, lililokuja kuitwa Mnara wa Ukimya, ili mbwa wasisikie wala kuhisi lolote la nje. Ikiwa Pavlov alihitaji jengo zima, wewe mwenye kamba na nyama mfukoni una lipi la kuonea haya barabarani?

Wewe huna mnara, lakini una umbali, na umbali unafanya kazi ya ukuta. Kila kinachomvuta Simba kina mpaka wake: ukiwa ndani ya mpaka huo hakusikii hata ukipiga tarumbeta, ukiwa nje yake anakiona na bado anaweza kukukumbuka. Kazi yako ya wiki za mwanzo ni kuutafuta mpaka huo na kusimama hatua chache nje yake. Kwa mbwa mmoja ni mita tano, kwa mwingine ni upande wa pili wa uwanja.

Utaujuaje? Tazama masikio. Mbwa akiona kitu, masikio yote mawili huelekea mbele, mdomo uliokuwa wazi unafumba, uzito unahamia miguu ya mbele. Hapo usiseme lolote. Kamba iwe imelegea, miguu yako itulie, uhesabu moyoni. Ukiwa umesimama mahali sahihi, kabla hujafika kumi utaona sikio moja linageuka nyuma, kuelekea kwako. Sikio tu, kichwa bado kiko kulekule. Halafu mdomo unafunguka kidogo, shingo inalegea, na jicho linakuja. Jicho hilo ndilo unalolilipia. Sema "Ndiyo!" papo hapo, mara moja, kwa sauti ya furaha, na ndani ya sekunde moja nyama iwe mdomoni mwake. Mpe karibu na goti lako, ili mguu wako uwe ndiyo mahali pa kurudi. Akirudisha macho kwa paka, sawa, mwache atazame. Ngoja tena.

Angalia hapa kwamba hukumwita. Hili ndilo watu wanalolipinga zaidi, na ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Ukimwita kila anapopotea, anajifunza kwamba kazi ya kukumbuka ni yako. Ukingoja na kulilipa jicho alilolileta mwenyewe, anaanza kuona kwamba yeye ndiye anayeifanya nyama itokee. Baada ya siku kadhaa utaona jambo zuri: anaona paka, na mara anakugeukia wewe, kama anayesema "Umeona? Nimekuona na wewe." Paka mwenyewe kawa ukumbusho wa kukutazama.

Ukihesabu hadi 15 na hajageuka, umesimama karibu mno. Usimlaumu, usimvute. Rudi nyuma pamoja naye hatua kumi, mwanzie hapo.

Anza nyumbani, geti limefungwa. Siku mbili au tatu baadaye, geti wazi, nyinyi wawili ndani. Halafu hatua mbili nje, saa ambayo njia imetulia. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Mafunzo ya nusu saa yanamchosha na kuharibu yote mliyoyapata. Vipande vya nyama viwe vidogo kama ukucha wa kidole chako cha mwisho, laini, asitafune muda mrefu. Na usiongeze ugumu wa mambo mawili siku moja. Mkisogea karibu na barabara, mtake atulie muda mfupi. Mkitaka atulie muda mrefu, rudini mbali na barabara. Siku mbwa wengi wakizagaa njiani, cheza naye ndani, nje mtatoka kesho.

Sasa ile kamba uliyoivuta. Nakuambia hili kwa sababu mimi pia nilifanya hivyo, na aliyelipa si mimi. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa jike, nilimwita Tunu. Kila alipoangalia mbwa mwingine njiani, niliivuta kamba kwa ghafla shingoni mwake, kama nilivyokuwa nimefundishwa. Nilitaka ajifunze kwamba kuangalia ni kosa. Alichojifunza ni kwamba mbwa mwingine akitokea, shingo inauma. Wiki zilivyopita akaanza kuwabwekea mbwa wakiwa mbali kabisa, manyoya ya mgongoni yamesimama, akitaka waondoke kabla maumivu hayajafika. Nikafikiri kawa mkali, nikazidisha. Ilinichukua zaidi ya mwaka kumrudisha, na hakurudi kamili. Mpaka anazeeka alikuwa akiona mbwa anainamisha kichwa kwanza, akingoja kamba. Kile kichwa kinavyoinama nakiona hadi leo. Simba kalia mara moja; isifike mara ya pili. Mvalishe mkanda wa kifuani, shingo ipumzike.

Kwa jirani, mwambie kwa upole kwamba habari ya kumwonyesha mbwa nani mkubwa ilitokana na kuwachunguza mbwa mwitu waliokusanywa na kufungiwa pamoja. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe alisaidia kuieneza, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mbwa wangu jike nikiwa naye ndani anakula chochote. Nje nikimpa hata nyama anageuza uso. Rafiki kanishauri nimnyime chakula siku nzima ili njaa imlazimishe. Ni sawa?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Hapana, usimnyime. Mbwa mwenye afya anayekataa nyama nje anakuambia hali ya moyo wake. Tumbo halihusiki sana. Ama amesisimka kupita kiasi, ama anaogopa. Tofauti utaiona mwilini. Aliyesisimka anavuta mbele, mkia juu, macho yamekazana na kitu kimoja. Anayeogopa anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anahema na hakuna joto, mkia umeshuka, uzito uko miguu ya nyuma. Wote wawili dawa yao ya kwanza ni kusogezwa mbali mpaka wakubali kula. Mahali alipokubali kipande cha kwanza ndipo darasa lenu lilipo kwa sasa, hata kama ni mlangoni pa nyumba yako. Ila mwenye hofu usimrudishe karibu kwa ratiba yako wewe. Mwache akae, atazame, anuse hewa, na safari nyingine mtoke bila kufundishana chochote, mkae tu mahali palipotulia.

Kipimo hiki kinanifaa sana kazini. Nikimpa mbwa kipande na akakipokea kwa kunivuta vidole kwa meno, ilhali nyumbani hupokea taratibu, najua tayari tumekaribia mno, hata kabla hajakataa.

Nje tumia kitu kizuri kuliko cha ndani: kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, au kipande cha yai. Usimpe chokoleti wala zabibu, mbichi au kavu. Ni sumu kwa mbwa. Vitunguu vya aina zote pia ni sumu kwake. Na chochote kilichotiwa utamu wa zailitoli, kama baadhi ya pipi na jojo zisizo na sukari, kinaweza kumwua kwa kiasi kidogo tu. Akianza kukataa chakula hata ndani, mpeleke kwa daktari wa mifugo, mafunzo yangoje.

SWALI: Mbwa wangu hana shida na mbwa wenzake wala magari. Shida yake ni ardhi. Pua iko chini mwanzo hadi mwisho wa matembezi. Nina nyama bora mfukoni na haitaki. Nimshindaje?
*Niliyeshindwa na pua*

JIBU: Usishindane nayo. Iajiri. Mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack alionyesha kwamba jambo ambalo kiumbe anapenda kulifanya linaweza kutumika kumlipa kwa jambo ambalo halipendi sana. Kila mzazi analitumia anaposema "maliza kazi kwanza, ndipo ukacheze." Mbwa wako kakuambia waziwazi malipo anayoyataka, nawe unamlazimisha apokee sarafu nyingine.

Mbwa niliye naye sasa, Duma, ni wa namna hiyo. Tuna kichaka kimoja njiani ambacho hawezi kukipita. Zamani tulikuwa tunavutana hapo kila asubuhi. Siku moja niliamua kusimama mita sita kabla ya kichaka, kamba fupi lakini imelegea, nikangoja. Akanyoosha shingo, akalia kidogo kooni, akakaa, akasimama, akajaribu kunizunguka kulia, halafu kushoto. Sikusema neno. Ilipita kama dakika nzima, nayo ni ndefu ukiwa umesimama njiani bila la kufanya. Mwishowe akanitazama usoni, kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango asiotarajia ufunguliwe. Nikasema "Ndiyo! Nusa!" na tukakimbia wote wawili hadi kwenye kichaka. Nikamwacha anuse mpaka alipotosheka, nisimharakishe. Siku ya pili alinitazama baada ya muda mfupi zaidi. Sasa tukikaribia pale ananitazama akiwa anatembea, na nikisema "Nusa" anakwenda, nisiposema, tunapita. Kusema kweli huwa nasema mara nyingi, kwa sababu namwona anavyofurahi.

Fanya hivyohivyo. Jicho moja, ruhusa moja. Baadaye mtake akutazame mara mbili, halafu atembee hatua tano pamoja nawe, ndipo ruhusa. Na neno la kuruhusu liwe moja tu, asilisikie mahali pengine. Malipo ya namna hii yanamfaa pia mbwa anayependa kukimbia, kuchimba au kuingia majini, alimradi ni jambo la salama na wewe ndiye unayelifungua.

SWALI: Mwalimu, nimemwita mbwa wangu mpaka jina limechuja. Nikiita haji, nikimfuata anakimbia. Filimbi ingesaidia?
*Baba wa watoto watatu*

JIBU: Ingesaidia, kwa kuwa ni mpya, lakini ukiitumia kama ulivyolitumia jina nayo itachuja ndani ya mwezi. Jiulize jina lake limekuwa likifuatwa na nini: kuogeshwa, kufungwa mnyororo, kukatizwa mchezo, kufokewa? Mbwa anahesabu hayo yote.

Wiki mbili za mwanzo piga filimbi ndani ya nyumba tu, akiwa hatua tatu kutoka kwako, na kila mlio ufuatwe na kuku. Kisha uani. Nje, mfunge kamba ndefu ya mita kumi kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, maana akikimbia na kufika mwisho wa kamba ndefu shingo inaweza kuumia. Piga mara moja. Asipokuja, usipige tena. Fuata kamba taratibu mpaka umfikie, muondoke hapo, na kesho umjaribu mahali rahisi zaidi. Akija, mlipe, kisha mwachie arudi kucheza. Ukimwita mara tisa na kumwachia, ya kumi ukimfunga kamba kwenda nyumbani hataweka kinyongo. Na usimfukuze anapokimbia. Mgeuzie mgongo ukimbie upande wako, wengi hufuata.

Watoto wako watatu nao wakubaliane neno moja. Mmoja akisema "njoo", wa pili "njoo hapa", wa tatu anapiga mluzi, kwa mbwa hiyo ni lugha tatu.

SWALI: Shikamoo bibi. Nina miaka 12 na nina mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Nataka anitazame machoni lakini nikimshika kidevu anageuza macho pembeni. Hanipendi?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Anakupenda. Kushikwa kidevu na kukaziwa macho, kwa mbwa, ni kama ugomvi unataka kuanza, ndiyo maana anageuza uso: anakuambia hataki ugomvi. Ni adabu yake.

Jicho analolileta mwenyewe ni kitu kingine kabisa. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa upendo, miilini mwa wote wawili huongezeka oksitosini, homoni ileile inayohusika mama anapomtazama mtoto wake mchanga. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha jambo hilo.

Basi keti naye sakafuni, mahali pasipo na kelele. Shika kipande cha chakula chake katika ngumi, nyoosha mkono pembeni, mbali na uso wako. Ataifuata ngumi, atailamba, ataikwaruza. Usiifungue wala usiseme kitu. Atakapoiacha ngumi na kukutazama usoni, hata kidogo sana, sema "Ndiyo!" na umpe. Mara tano tu, kisha mcheze. Fanya hivyo siku kumi, siku ya kumi na moja mtu mmoja nyumbani apite nyuma yenu akitembea polepole, uone kama bado atakutazama. Halafu niandikie iliendaje, na safari hii niambie anaitwa nani.